Geoffrey Milne

Geoffrey Milne (alifariki 1942) alikuwa mwanasayansi wa udongo kutoka Uingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, Tanganyika (leo sehemu ya Tanzania). Anajulikana hasa kwa kuanzisha dhana ya katena, yaani mfuatano wa aina za udongo kutoka juu ya kilima hadi chini bondeni. Pia aliongoza kazi ya kuchora ramani ya kwanza ya udongo wa Afrika Mashariki nzima, iliyotolewa mwaka 1936.

Dhana ya katena ilitokana kwa kiasi kikubwa na tatizo la udongo wa mbuga: udongo mzito, mweusi au wa kijivu, usiopitisha maji vizuri, unaopatikana katika mabonde ya mafuriko, mabeseni ya maziwa na sehemu za chini za nchi yenye vilima. Milne alionyesha kwamba udongo huo hauwezi kueleweka peke yake, kwa sababu hali yake inategemea yale yanayotokea kwenye miteremko iliyo juu yake. Leo katena hufundishwa katika somo la jiografia shuleni na vyuoni katika nchi nyingi duniani.

Kazi yake Amani

Kituo cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kama taasisi ya biolojia na kilimo ya koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kipo milimani, takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari, katika msitu wa mvua nyingi nyuma ya mji wa Tanga. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia koloni liliwekwa chini ya Uingereza, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 kituo kilifufuliwa ili kuhudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja.

Milne alifika Amani mwishoni mwa miaka ya 1920 akiwa mwanakemia wa udongo. Wakati ule kazi ya mwanakemia wa udongo ilikuwa hasa kupima sampuli katika maabara: zilitumwa kutoka mashambani, zikapimwa asidi na virutubisho, kisha mkulima au ofisa kilimo akapewa majibu. Kila nchi ilikuwa na wanakemia wake, na kila mmoja alitumia majina na vipimo vyake. Hivyo udongo mwekundu wa Kenya na udongo mwekundu wa Uganda ungeweza kuwa kitu kimoja chenye majina mawili, au vitu viwili vyenye jina moja.

Mwezi Mei 1932 wanakemia wa udongo wa Afrika Mashariki walikutana Amani kwa mara ya kwanza kulinganisha kazi zao. Mkutano mwingine ulifanyika Zanzibar mwaka 1934. Katika mikutano hiyo ulitengenezwa mpango wa kuchora ramani moja ya udongo kwa nchi zote nne, na Milne ndiye aliyebeba mzigo wa kuunganisha taarifa. Alishirikiana na V. A. Beckley na G. H. Gethin Jones wa Kenya, W. S. Martin na G. Griffith wa Uganda, na wengine.

Tatizo la ramani

Ramani iliyokusudiwa ilikuwa ya kipimo cha 1:2,000,000, maana yake sentimita moja ya karatasi iliwakilisha kilomita 20 za nchi. Kwa kipimo hicho mtu anaweza kuonyesha milima mikubwa na maziwa, lakini si bonde lenye upana wa mita mia chache.

Tatizo ni kwamba katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki udongo hubadilika ndani ya umbali mfupi. Katika nyanda za kati na magharibi mwa Tanganyika, mtu akitembea nusu saa kutoka kilimani hadi bondeni anaweza kukanyaga udongo mwekundu, kisha wa kahawia, kisha kichanga cha kijivu, kisha udongo mgumu kama saruji, na mwishowe mfinyanzi mweusi wa mbuga. Akivuka bonde na kupanda upande wa pili, anaupata mfuatano uleule kinyume. Kilima kinachofuata kinarudia tena.

Mchoraji wa ramani alikuwa na njia mbili, na zote zilikuwa mbaya. Angeweza kuchagua aina moja, kwa mfano udongo mwekundu, na kupaka rangi yake eneo zima. Ramani ingekuwa safi lakini ya uongo, kwa kuwa ingeficha mbuga zote. Au angeweza kujaribu kuonyesha kila aina, jambo lisilowezekana kwa kipimo kile. Mifumo ya kupanga udongo iliyokuwa ikitumika Ulaya, Urusi na Marekani haikusaidia sana, kwa sababu iliuweka udongo mwekundu wa kilimani na udongo mweusi wa bondeni katika makundi yaliyo mbali kabisa, kama vile haukuwa na uhusiano wowote.

Dhana ya katena

Jibu la Milne lilikuwa kuufanya mfuatano wenyewe kuwa kipimo cha ramani. Badala ya kuuliza eneo hili lina udongo gani, aliuliza eneo hili lina mfuatano upi unaojirudia. Aliuita mfuatano huo katena, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Sura ya mteremko kutoka kilele kimoja kwenda bondeni na kupanda kilele kingine inafanana na mnyororo ulioning'inizwa kwenye ncha mbili, na kila aina ya udongo ni pete inayoshikamana na pete ya juu na ya chini yake.

Alieleza dhana hiyo mwaka 1935 katika makala kuhusu namna ya kupanga na kuchora udongo wa Afrika Mashariki. Mwaka uleule aliiwasilisha kwenye Mkutano wa Tatu wa Kimataifa wa Sayansi ya Udongo uliofanyika Oxford, Uingereza.

Milne alitofautisha aina mbili za katena. Katika ya kwanza, mwamba mama ni uleule kutoka juu hadi chini. Tofauti za udongo hutokana na namna maji yanavyopita, na namna vitu vinavyobebwa kutoka juu na kuwekwa chini. Katika ya pili, mteremko umekata miamba miwili au zaidi ya aina tofauti, na kila mwamba unaongeza tofauti yake.

Jambo muhimu katika hoja yake ni kwamba pete za mnyororo hazifanani, lakini zinahusiana. Maji ya mvua yanapopenya kwenye kilima huyeyusha madini na kuyapeleka chini kidogokidogo. Udongo wa juu hubaki bila madini mengi yanayoyeyuka, huku chuma kikibaki na kuupa rangi nyekundu. Punje laini za mfinyanzi husombwa na kuacha kichanga katikati ya mteremko. Chini hukusanyika kila kilichotoka juu: maji, mfinyanzi, chokaa, silika na chumvi. Kwa hiyo mbuga ni mahali ambapo kilima kizima huweka mabaki yake.

Udongo wa mbuga na sifa zake

Katika Kiswahili cha leo neno mbuga hutumika sana kwa hifadhi za wanyama, lakini maana yake ya zamani ni nchi tambarare ya nyasi, hasa ile inayojaa maji wakati wa masika. Milne na wenzake walilichukua neno hilo kama lilivyo na kuliingiza katika maandishi ya kisayansi kwa maana ya udongo wa mahali hapo. Sifa zake kuu ni zifuatazo.

Kupitisha maji. Punje za mfinyanzi ni ndogo mno na nafasi kati yake ni nyembamba. Mvua za kwanza huingia kupitia nyufa, lakini udongo ukishalowa huvimba, nyufa hufunga na maji husimama juu. Kwa kuwa ardhi ni tambarare, maji hayo hayana pa kukimbilia. Yanaweza kukaa kwa wiki au miezi.

Kuvimba na kupasuka. Mfinyanzi wa mbuga nyingi ni wa aina inayofyonza maji kati ya matabaka yake na kupanuka. Ukikauka hunywea na kuacha nyufa zinazoweza kuzidi nusu mita kwa kina. Udongo wa juu huanguka ndani ya nyufa, na mvua ikirudi hakuna nafasi ya kutosha, kwa hiyo udongo husukumana na kujigeuza wenyewe. Msuguano huo huacha nyuso zinazong'aa ndani ya ardhi, na juu yake huonekana vituta na vishimo vidogo. Mizizi ya miti mingi hukatwa na mwendo huo, na hii ni sababu moja ya mbuga kuwa na nyasi na migunga mifupi badala ya msitu. Nguzo, kuta na barabara hupata shida ileile.

Rangi. Weusi wa mbuga humfanya mgeni adhani kwamba udongo una mboji nyingi, lakini mara nyingi mboji ni kidogo tu, imeshikana sana na mfinyanzi. Mahali ambapo maji hukaa muda mrefu zaidi, rangi huwa ya kijivu au kijivu cha buluu yenye madoa ya kutu. Sababu ni ukosefu wa hewa. Viumbe vidogo vya udongo vikikosa oksijeni hutumia chuma badala yake, na chuma hicho hugeuka kuwa hali inayoyeyuka na kupoteza wekundu. Kando ya mizizi na nyufa, ambako hewa huingia, chuma hurudia hali yake na kuacha madoa. Kwa kutazama madoa hayo mtaalamu anaweza kujua wakati wa kiangazi maji yalifikia wapi wakati wa masika.

Chokaa, chumvi na magadi. Katika nchi kavu mbuga huwa na vinundu vyeupe vya chokaa. Katika mabeseni ya maziwa yasiyo na mto wa kutokea, kama Rukwa, Eyasi, Manyara na Natron, maji huondoka kwa kugeuka mvuke tu, na kila kilichoyeyuka ndani yake hubaki. Hapo udongo unaweza kuwa na chumvi au magadi kiasi cha kuzuia karibu mimea yote.

Mpangilio wa mafuriko. Katika mabonde ya mito mikubwa kama Kilombero na Rufiji, mto unapofurika hupunguza mwendo na kutua kwanza mchanga karibu na kingo. Mfinyanzi husafiri mbali zaidi na kutua kwenye maji yaliyosimama nyuma ya kingo hizo. Ndiyo maana udongo ulio karibu na mto mara nyingi hupitisha maji vizuri kuliko ule ulio mbali nao.

Sifa hizi humaanisha kwamba mbuga ina virutubisho vingi kuliko miteremko iliyo juu yake, lakini ni ngumu kuitumia. Ukiwa mkavu, jembe halipiti. Ukiwa umelowa, hunata kwenye jembe na miguu. Siku za kulima zinazofaa ni chache kati ya hali hizo mbili.

Ujuzi wa wakulima

Wenyeji wa maeneo haya walikuwa wakiutambua mfuatano wa udongo muda mrefu kabla ya kuwepo kituo chochote cha utafiti. Wasukuma, wanaoishi kusini mwa Ziwa Viktoria, wana majina tofauti kwa kila sehemu ya mteremko. Luseni ni udongo wa kichanga ulio rahisi kulima. Itogolo hupatikana chini zaidi kwenye mteremko. Ibambasi ni udongo wenye tabaka gumu lisilopenyeka, mara nyingi ukiwa na uso mtupu usioota nyasi. Mbuga ni mfinyanzi mweusi wa chini kabisa. Familia iligawa mashamba na malisho yake kufuata mpangilio huo, ili mvua zikiwa nyingi au chache, angalau sehemu moja ya mteremko itoe chakula.

Ramani yenye rangi moja kwa eneo lote ingelifuta jambo hilo. Mpangaji wa serikali aliyeitazama angeweza kuamua zao moja kwa wilaya nzima. Katena iliweka kwenye karatasi kile ambacho mkulima alikijua kwa miguu yake.

Safari ya 1935–1936

Kuanzia Desemba 1935 hadi Februari 1936 Milne alifanya safari ndefu ya kuchunguza udongo katika sehemu mbalimbali za Tanganyika. Hiyo ni miezi ya mvua katika nyanda za kati, wakati ambapo barabara zinazokatisha mbuga hupitika kwa shida, lakini ndiyo miezi ambayo tabia ya maji ardhini huonekana wazi. Alichimba mashimo, akaeleza tabaka za udongo, na kuandika kuhusu miamba, uoto na matumizi ya ardhi kila alipopita.

Mfano mmoja uliokuja kujulikana sana ni katena ya Unyanyembe, karibu na Tabora, kwenye miamba ya graniti. Hapo hali ya hewa ni kavu kwa miezi mingi, na mnyororo unaishia katika mbuga yenye mfinyanzi mzito na chokaa. Mfano mwingine ni katena ya Bukoba, magharibi mwa Ziwa Viktoria, ambako mvua ni nyingi. Hapo madini yanayoyeyuka huoshwa na kuondoka kabisa, na chini ya mteremko kuna kinamasi chenye asidi badala ya mbuga ya chokaa. Kwa kuilinganisha mifano hii miwili, inaonekana kwamba umbo la mteremko peke yake halitoshi kueleza udongo wa bondeni. Kiasi cha mvua huamua kama vitu vilivyotoka juu vitabaki au vitapita.

Bukoba ilimpa Milne somo la pili, ambalo aliliandikia makala mwaka 1938. Kwenye udongo uleule duni, Wahaya walikuwa na migomba yenye rutuba kubwa katika vibanja vyao, huku nyika ya wazi iliyo jirani, iitwayo rweya, ikibaki maskini. Tofauti haikutoka kwenye mwamba wala mteremko. Ilitokana na samadi, nyasi na mabaki ya mimea yaliyowekwa kwenye kibanja kizazi baada ya kizazi.

Mmomonyoko na chumvi

Katika miaka ya 1930 serikali za kikoloni zilikuwa na hofu kubwa ya mmomonyoko wa udongo, na mara nyingi lawama ziliwekwa kwa wakulima na wafugaji Waafrika. Mwaka 1936 Milne aliandika barua ya kisayansi katika jarida la Nature akieleza kwamba mmomonyoko wa kawaida ni sehemu ya namna udongo unavyojengwa. Juu ya mteremko ardhi huondolewa polepole na chini huongezwa, hata pasipo jembe. Hoja hiyo haikukana uharibifu unaoletwa na matumizi mabaya, lakini ilidai kwamba kwanza ijulikane mwendo wa asili, ndipo uharibifu upimwe.

Mnyororo huo huweza pia kuleta madhara. Miti ikifyekwa juu, maji ambayo ingeyanywa hupenya na kuteremka, na yanaweza kuleta chumvi juu ya ardhi katika sehemu za chini. Makala aliyoandika pamoja na W. E. Calton kuhusu uhusiano wa chumvi ya udongo na kufyeka uoto wa asili ilitolewa mwaka 1944, baada ya kifo chake.

Mwaka 1938 alisafiri hadi visiwa vya Karibi na Marekani kuona jinsi udongo ulivyochunguzwa huko. Taarifa ya safari hiyo ilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1940.

Kifo na maandishi yaliyobaki

Milne alifariki mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Taarifa kamili ya safari yake ya 1935–1936 ilikuwa bado haijachapishwa. Ilitoka mwaka 1947 katika jarida la ekolojia la Uingereza, Journal of Ecology.

Mwaka huohuo serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Maelfu ya hekta yalifyekwa kwa matrekta kabla udongo na mvua havijachunguzwa vya kutosha. Huko Kongwa udongo uligeuka mgumu wakati wa kiangazi kiasi kwamba karanga hazikuweza kung'olewa kwa urahisi, na mvua hazikutosha. Mradi uliachwa mwaka 1951 baada ya hasara ya takriban pauni milioni 36. Mara nyingi hutajwa kama mfano wa gharama ya kupanga kilimo bila kuijua ardhi.

Urithi

Neno katena lilienea haraka nje ya Afrika. Nchini Marekani lilichukuliwa na wachora ramani za udongo tangu miaka ya 1940, ingawa huko maana yake ilibanwa: lilitumika zaidi kwa aina za udongo zenye mwamba mama mmoja na tofauti za upitishaji maji tu. Mwaka 1973 lilianzishwa jarida la kimataifa la sayansi ya udongo na sura ya nchi liitwalo Catena.

Katika uainishaji wa sasa wa kimataifa, mbuga nyingi za mfinyanzi unaopasuka huitwa vertisoli, na udongo wa kijivu unaolowa muda mrefu huitwa gleisoli. Majina hayo hueleza udongo wa mahali pamoja. Katena hueleza kwa nini upo hapo, na kwa sababu hiyo bado hutumika pamoja nayo.

Utafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki ulihamishiwa Muguga, Kenya, baada ya vita, na kazi ya kitaifa ya udongo nchini Tanzania ina kituo chake Mlingano, mkoani Tanga, chini ya milima ileile ya Usambara. Usukumani mbuga na sehemu za chini za miteremko, ambazo zamani zilikuwa zaidi malisho, zimegeuzwa kwa sehemu kubwa kuwa majaruba ya mpunga: vishamba vilivyozungushiwa kingo ili kuyashika maji. Mpunga una njia za kupeleka hewa kutoka majani hadi mizizi, kwa hiyo huvumilia ardhi isiyo na hewa ambamo mahindi na pamba hufa. Maji yanayojaza majaruba hayo hutoka kwenye miteremko ya juu, pamoja na udongo unaosombwa kutoka mashamba ya huko.